Lenzi Ghali Iliyoufuta Msalaba

Jumamosi, Morogoro. Mvua tangu alfajiri, Uluguru haionekani hata bega, na mimi nina hasira za mtu mzima, zile ambazo hata chai haizipozi.

Nilinunua lenzi ya kamera. Nakiri mapema, maana mama watoto ameshawatangazia majirani.

Zamani, maduka yalipokuwa matupu, filamu tuliipata kwa kujuana. Siku hizi milango imefunguliwa, kila kitu kimepangwa dirishani, kinachotafutwa ni fedha tu. Zangu zilikuwa za kuweka madirisha nyumbani, ambako mpaka leo tumeziba kwa magunia. Mama watoto aliishika lenzi, akaipima uzito, akaniuliza kwa upole kama inazuia mbu.

Muuzaji kule Dar alinieleza uzuri wake: uso unatoka kama umechongwa, nyuma panakuwa ukungu laini. Eti ndivyo wakubwa wanavyopiga. Nami, kipara kizima, bingwa wa picha za pasipoti, nikajiona mkubwa.

Jumamosi iliyopita nikaitwa Kinole, kijijini huko juu mlimani, kwa mama mmoja mjane. Mwaka umetimia tangu afiwe na mumewe, na familia ilikuwa inaweka msalaba kaburini. Watoto walitoka kila pembe ya nchi, isipokuwa binti wa kwanza, aliyeko Songea. Ni mjamzito, daktari amemkataza safari. Mazishi nayo hayakumngoja. Alifika baba yake ameshafukiwa. Picha hii ilikuwa yake. Mama aliniagiza kabisa: tuonekane wote, kichwa mpaka viatu, na msalaba wa baba yao usomeke.

Niliwapanga mbele, msalaba nyuma yao, juu kidogo ya mteremko. Kisha nikaifungua lenzi yote, tundu lake la mwanga likawa pana kabisa, ili nyuma pawe ukungu.

Mtu hanunui ukungu kwa bei ya madirisha halafu asiutumie.

Nikasogea karibu nyuso zijae. Nilipotazama kwenye kioo cha kamera, walikuwa wanang'aa kama watu wa kalenda. Nikatabasamu peke yangu, mpumbavu mimi, mbele ya kaburi la watu.

Leo nimepanda na matope yote kumpelekea picha. Mama alijifuta mikono kwenye kanga, akaipokea, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Nikadhani ni uzee. Akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akaniuliza hili jeupe huku nyuma ni moshi wa nani. Nikamwambia ndio msalaba, mama. Viatu hakuviulizia, ingawa havikuwepo.

Akaishusha picha.

"Mwanangu," akasema, "sisi wazima tutaonana tu. Asiyeonekana ni baba yao, na wewe umemficha tena."

 

Nimeshuka mlima nikimlaani muuzaji, nikawalaani na waliomtengenezea bidhaa. Nimefika hapa kwenye intaneti kafe bado nanung'unika, picha nimeifungua kwenye kompyuta, mwanafunzi mmoja wa chuo aliyekaa kiti cha pili akachungulia. Akanipa shikamoo yake vizuri, kisha akaniambia, bila hata dharau, "Mzee, hiyo lenzi ungeifunga kidogo tu, nyuma pangeonekana."

Marahaba ilinitoka kwa shida.

Kumbe lenzi haina kosa! Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Nilikuwa nimeshajiandalia mtu wa kumlaumu. Lakini kitu cha bei mbaya kinakuja na ubwana wake: kinakutaka ukionyeshe, na usipokionyesha unajihisi umeibiwa. Sikupiga picha ya familia ile. Nilipiga picha ya lenzi yangu.

Inastahili bei yake? Kwa mwenye akili ya kuifunga, labda.

Kesho, mvua ikikata au isikate, napanda tena Kinole. Lakini watoto wote wamesharudi makwao. Atakayesimama kando ya msalaba ni mama peke yake. Na yule wa Songea ataitazama picha hiyo adhani wenzake hawakujali.

Kwa hiyo nitaziweka picha zote mbili, ile ya ndugu na hiyo ya msalaba, kwenye bahasha moja, pamoja na barua ya mkono wangu. Nimehangaika saa nzima na maneno yake, na haya ndiyo niliyopata:

Binti yangu, ndugu zako walikuja wote. Aliyekosekana ni mpiga picha.