Echat na msuko wa Zainaba

Shoga, uko hewani? Dada Echat amejifungia chumbani analia.

Unaukumbuka ule msuko wa mama mdogo Zainaba, ambao Mama kaufunga kwenye leso? Zainaba aliukata mwenyewe, wiki moja kabla askari hawajamchukua, mwaka ule mamluki walipoishika nchi. Hakurudi. Hata mwili hatukuletewa.

Basi leo Echat kaukuta umekauka, unakatika ukiugusa tu. Akasema atamfurahisha Mama. Si unamjua, na saluni yake ya pale mtaani Magoudjou! Kautia shampuu, kisha kondishena, huku ananisomesha: "Hii inang'ang'ania pale unywele ulipochubuka. Palipo pazima haikai sana, maji yanaiondoa."

Na kweli ukalainika. Ukang'aa kama wa mtu aliye hai.

Mama akaunusa. Akaunusa tena. Mafuta ya nazi ya Zainaba hayamo.

Akauliza, "Umemwosha?"

Echat akacheka. Wallahi akacheka! "Ndiyo Mama, nimemwosha vizuri."

Nimemwosha! Angesema nimeuosha, shoga! Msuko unaoshwa, lakini mtu akishaoshwa na wenzake ni maiti. Miaka yote hii Mama amekataa hitima. Akiambiwa mdogo wake kafa, anauliza, "Nani alimwosha?"

Sasa amepata jibu.

Hivi ninavyokuandikia amefungua sanduku lake. Anakata shuka jeupe, kipande chembamba, urefu wa msuko.