Nati ya Mbele Kushoto

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu, na kwamba mama bado anakuficha ufunguo wa gereji ili upumzike. Mimi ni mzima. Mikono tu ndiyo inayonuka grisi, kama yako.

Nimekabidhiwa kazi peke yangu: gari la spoti la viti viwili, lililoshushwa, ambalo mwenyewe anataka kimo chake kiwe sawa pande zote. Bosi amesema likisimama sawa nitapewa sehemu yangu ya kufanyia kazi. Nimegeuza nati za springi, zile zinazopandisha na kushusha gari, hadi viganja vinauma, lakini kila nikilitua kutoka kwenye jeki na kupima toka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, futi inatoa jibu jipya. Najua unavyoyaona magari ya namna hii. Nauliza hivyo hivyo.

Mwanao

19 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo hauna neno. Ufunguo nimeuona ndani ya kopo la sukari, nikauacha palepale ili mama yako asibadilishe maficho.

Maisha yangu yote nimenyanyua malori yaliyoinama kwa springi zilizochoka. Leo mwanangu anatafuta sifa kwa kuinamisha gari lililokuwa limesimama vizuri. Mama yako anauliza kama magari hayo mnayapanda au mnayavaa. Mimi gari linaloramba lami sitaketi ndani yake, na neno hili usilifanye utani.

Hata hivyo swali lako ni halali. Gari lililotoka kwenye jeki hudanganya: tairi zimeng'ang'ania sakafu na springi hazijatulia. Lisukume mbele na nyuma, likandamize kila pembe, ndipo upime. Tena gari tupu halipimwi. Mweke dereva kitini.

Baba yako

11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Siri ya kopo la sukari iko salama kwangu.

Nilifanya yote uliyoagiza. Mwenye gari, mtu wa kifua na tumbo, aliketi kwenye usukani nami nikapiga magoti kwa kila gurudumu.

"Fundi, unapima gari au unanipima mimi?"

"Nyote wawili, mzee. Si mnasafiri pamoja?"

Vipimo vikaacha kurukaruka, lakini kila nilipoinua kushoto, kulia nako kulifuata. Nikaketi chini nikafikiri. Gari hili lina mtaimbo unaounganisha mguu wa kushoto na wa kulia. Hapa tunauita stabilaiza. Malori yako hayakuwa nao. Nikaufungua upande mmoja, kila mguu ukasimama kwa springi yake, nikasawazisha. Kisha nikarekebisha urefu wa kiungo kinachoushika mtaimbo kwenye mguu, mpaka boliti ikaingia kwa vidole. Wewe ndiye uliyesema: boliti iliyoingia kwa nyundo itatoka kwa msiba.

Bosi alilizunguka gari na futi yake mwenyewe, akalizunguka tena, akasema, "Ile kona ya dirishani ni yako."

Nami nimejipatia kigari kikuukuu cha viti viwili, nimekishusha, na nitakuja nacho likizo. Nati zote nimezikaza isipokuwa ya mbele kushoto, upande wa abiria. Hiyo inasubiri uzito wako.

Mwanao

28 Mei

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu, na mama kwenye simu anasema tu, "Muulize mwenyewe." Kigari kimesimama konani kwangu, wenzangu wanauliza kama kimepooza. Nati sijaikaza.

Mwanao

23 Juni

Binti yangu, fundi,

Marahaba. Sote hatujambo. Ukimya wangu haukuwa hasira.

Barua yako niliipeleka kwa mafundi wenzangu wa zamani, nikawasomea ile sehemu ya mtaimbo. Mmoja alibisha, tukalala chini ya gari la mkwewe, tukafungua, tukapima. Alipoinuka alijipangusa magoti akauliza, "Huyu nani kamfundisha?" Nilitazama pembeni, nikawaacha wabahatishe. Sikukufundisha hilo. Sikulijua.

Kisha nikaenda kwenye kinu cha kusaga nafaka, ambako kuna mizani ya magunia. Mwenye kinu aliniuliza kama nauzwa. Mama yako alicheka mpaka akashika ukuta.

Kilo themanini na mbili, pamoja na viatu, kwa kuwa gari la fundi sitalipanda miguu mitupu.

Kaza nati.

Baba yako