Uliyevuka Uwanja Ukipuliza: Mayunga Jilala wa Ngulyati Jazi

Baba Milembe, mwaka umetimia tangu malaria ikuchukue. Watoto wamesema tangazo hili la kumbukumbu niandike mimi mama yao, maana wao wakianza wanalia. Haya, naandika, nami nalia vilevile.

Ulikuwa fundi wa mitambo kwenye kinu cha pamba, mikono grisi tupu wiki nzima. Lakini Jumamosi ulivaa tai, ukaenda kupiga saksafoni kwenye bendi ya ushirika. Hukukubali mtu apande jukwaani bila tai, hata Mboje mpiga besi, ambaye tunajua wote kwamba hana shingo.

Mianzi ya saksafoni, ile ya mdomoni inayotoa sauti, ilipokosekana madukani, ulichonga ya matete ya mto Simiyu, ukawa unailainisha mdomoni kutwa. Mtu akikuamkia "Mwangaluka", unaitikia kwa kichwa. Wengine wakasema unaringa. Jamani, hukuwa na maringo, mdomo ulikuwa umejaa tu.

Kinu kilipopunguza watu, ukaenda kuomba vyombo vya ile bendi ya ushirika, maana ilishakufa na vyombo vilikuwa vinakula vumbi stoo. Ukaviziba, ukawakusanya wenzako, mkarudisha dansi la ujana wenu kwa jina la Ngulyati Jazi: magitaa, tarumbeta na hiyo saksafoni yako, mdomo wa bata. Wakati huo mjini kila kitu kipya, wanunuzi wapya wa pamba, kanda za disko kila duka. Walikuuliza unafufua maiti ya nini. Ukacheka, ukaendelea kuziba.

Mdogo wako Nyanda ndiye aliyekuwa mpiga tarumbeta. Kisha baa moja ikanunua kinanda cha umeme, akakuacha akaenda kukipiga. Mkaacha kula pamoja. Hilo lilikuuma kuliko kazi uliyopoteza, nami nilikuona. Nikakwambia tafuta mtu mwingine wa tarumbeta. Ukanijibu, "Mama Milembe, nafasi ina mwenyewe."

Baada ya mavuno Nyanda akakuletea changamoto, mshindane kama yale makundi ya ngoma ya Wagika na Wagalu: uwanja mmoja, kila mtu na upande wake, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Mkaongeza na masharti yenu. Kiongozi akivuka kwenda kwa mwenzake ameshindwa, na anayeshindwa anavunja bendi.

Watu walikuja kwako! Wazee, vijana, hata wale wa disko. Upande wa Nyanda wakabaki watoto na mbuzi. Nikapiga vigelegele mpaka koo likauma. Ndipo Nyanda, kichwa chini, akaanza kupiga wimbo aliokuwa anaupenda marehemu mama yenu. Kinanda kikaupiga wote, lakini pale pa saksafoni pakawa patupu.

Ukavuka. Ulivuka uwanja ukipuliza, Mboje akipiga kelele nyuma, "Mayunga, rudi! Tumeshashinda!" Hukugeuka. Na wale watu wote wakakufuata, wakaujaza upande wa Nyanda. Waamuzi wakampa ushindi, na Ngulyati Jazi ikafa jioni ile.

Mboje alikununia miezi. Mimi nilikugombeza njia nzima, kwamba bendi umeiua kwa mdomo wako mwenyewe. Tulipofika nyumbani ukaniuliza, "Nyanda umemwekea chakula?" Nilitaka kukupiga kwa mwiko. Kesho yake akaja, mkala sahani moja, na mkaendelea hivyo hadi ulipoondoka. Hakuna aliyemtaja mshindi mezani pangu.

Sasa nikupe habari. Nyanda ameacha kinanda. Amemfuata Mboje, amewafuata na wengine, mlango kwa mlango, na tarumbeta yake kwapani. Jumamosi hii, baada ya misa ya kukuombea, Ngulyati Jazi itapiga hapa nyumbani, na majirani wote mnakaribishwa. Nafasi ya saksafoni hawajampa mtu.

Wanaokukumbuka ni mkeo Klementina, wanao Milembe, Masele na Esteria, dada yako Shida wa Ngulyati, Mboje na bendi yote. Yupo na mmoja ambaye ameniomba nimwandike kwa maneno yake, nisipunguze hata neno, wasome Bariadi nzima: "Na mdogo wake Nyanda, aliyeshindwa siku ile uwanjani."

Umo mioyoni mwetu, Baba Milembe, siku zote.

Bariadi, Agosti 1997