Mlio wa Pili Haukuwa Wangu

Bi. Lorna mpendwa,

Sijawahi kumwandikia mtu wa gazeti, na hata darasani sinyooshi mkono nikiwa najua jibu, kwa hiyo nisamehe barua ikienda upande. Nina miaka kumi na sita, naandika nikiwa maktaba ya shule, na ninakuomba unisaidie kabla ya wikendi ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, kwa sababu ndipo msimu wa kuwinda elki, wale paa wakubwa wenye pembe za matawi, unapofungwa, na baba yangu anataka kupanda mlimani peke yake, na njia ya kumpeleka huko ninaichora mimi.

Kwetu hatujawahi kuajiri mwongozaji. Tunawinda kwenye msitu wa umma, juu ya Kijito cha Laskey, na tangu nijue kusoma ramani kazi ya kupanga ni yangu: tutaingilia wapi, upepo wa alfajiri utashuka upande gani, elki watakuwa wamelala mteremko upi theluji ikizidi magoti, na mnyama akianguka tutabeba nyama maili ngapi hadi kwenye gari. Baba huniita Profesa. Ananiuliza upepo wa Jumamosi unasemaje, namwambia, na hayo ndiyo mazungumzo yetu marefu kuliko yote.

Kitu ambacho lazima ukijue ni kwamba familia yetu haiitani kwa majina msituni. Babu Halvor alitufundisha kuitana kwa filimbi ya mbao inayotoa mlio wa elki jike, mifupi miwili na mmoja mrefu, ili wanyama wasishtuke, na mlio wake ulikuwa unakatika mwishoni kwa sababu utepe wa mpira ndani ya filimbi yake ulikuwa na ufa na hakutaka kuubadilisha. Babu alifariki Machi. Filimbi ilibaki kwenye droo ya jikoni pamoja na betri na kamba, nami niliichukua bila kuomba.

Sasa nafika kwenye aibu yangu. Wiki mbili zilizopita baba alikuwa upande mmoja wa mgongo wa mlima na mimi upande wa pili, saa nne asubuhi, baridi nyuzi ishirini chini ya sifuri, kope zinagandana, na nilimkumbuka babu sana nikapuliza filimbi yake mara moja, nikitaka tu kuisikia, sikufikiria zaidi ya hapo. Baba akatokea kwenye misonobari akikimbia, baba ambaye hakimbii, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Umemsikia?"

Nilitakiwa kusema ni mimi. Nilisema, "Nimemsikia."

Tangu siku hiyo amekuwa mtu mwingine, Bi. Lorna, anakula, anapiga mluzi akiosha vyombo, alimwambia hata Royce, rafiki yake wa kuwinda, kwamba mzee bado yuko kule juu, na Royce akamtania kwamba basi mzee awe anamwonesha elki walipo, maana yeye ana miaka mitatu anarudi na kibali kisichotumika, na baba akacheka hadi akakohoa, nami nikaona bora uongo wangu ukae.

Jumamosi iliyofuata tulirudi. Tuliketi bega kwa bega nyuma ya gogo, pale mlima unapobonyea kati ya vilele viwili, na filimbi ya babu ilikuwa mfukoni mwangu, nimeifumbata ndani ya glavu. Hakukuwa na upepo. Mlio ukaja kutoka juu, mifupi miwili na mmoja mrefu, ukakatika mwishoni.

Baba alijibu kwa filimbi yake. Ukamjibu. Akasimama, akaacha bunduki kwenye gogo, akavua kizibao chake cha rangi ya chungwa, kile cha kuonekana na wawindaji wengine, kwa sababu eti kinapiga kelele, akavua na glavu, akaanza kupanda, nami nyuma yake, na kila tulipopiga hatua ishirini mlio ulikuwa mbali vilevile, haukukaribia wala haukuondoka, mpaka tukafika ukingo wa kaskazini ambako theluji imejitokeza kama upenu na chini yake ni hewa tupu, na mlio ukatoka mbele yetu. Nilimshika mkanda. Alinitazama kama mtu niliyemwamsha. Nilitafuta nyayo, za mtu au za mnyama, nikaona zetu tu.

Jana alitandaza ramani mezani, akasema nimpangie siku tatu pale pale, bila hema lenye jiko la kupashia joto, mimi nibaki nyumbani nisome. Nikamuuliza njia ya kurudi niipitishe wapi.

"Ya kurudi usichore, Profesa. Chora ya kupanda tu."

Nikimwambia mlio wa kwanza ulikuwa wangu, nitamnyang'anya babu mara ya pili, tena atadhani na ule mwingine nilikuwa mimi, na haukuwa wangu, Bi. Lorna, nilikuwa nimeishika filimbi. Nikinyamaza, ataenda. Nifanye nini?

Mpanga Njia


Mpanga Njia,

Jibu hili nimelituma kwa posta, kwenye anwani uliyoniachia, siku ileile barua yako iliponifikia. Wengine watalisoma gazetini Alhamisi.

Pole kwa kufiwa na babu, pole ya kweli. Sasa nikukemee. Kupuliza filimbi kwa kumkumbuka mtu si kosa. Mimi nilivaa koti la marehemu mume wangu miezi kumi, mpaka dukani. Kosa lako ni lile neno moja ulilomjibu baba yako, na siku zote ulizokaa nalo huku ukimwangalia akifurahi.

Halafu wewe, mtoto wa vitabu, hukuliona lililo wazi? Mnalia kama elki, kwenye msitu wa umma, msimu wa elki, huku kila mteremko una mtu mwenye bunduki. Nimeishi bonde hili miaka ishirini na sita na nimehudhuria mazishi mawili ya watu waliodhaniwa wanyama. Mmoja alikuwa amevua kizibao. Babu yako alikosea hapo, Mungu amrehemu, nanyi mmeendelea kukosea kwa kumpenda.

Kuhusu ule mlio wa pili, unataka nikwambie ni nani. Labda ni mwindaji mwingine aliyewasikia miaka yote akaushika mtindo wenu. Labda ni kunguru. Kunguru huiga chochote. Ukurasa ule nimeusoma mara tatu, mchana, nimewasha taa zote za nyumba, na bado sijui. Lakini tazama ulichoandika mwenyewe. Kilichowaita kilikaa mbali vilevile na kikawafikisha ukingoni. Babu yako aliwafundisha kuitana ili msipotezane. Mtu huyo hawezi kuwaita mahali pasipo na ardhi. Mwambie baba yako maneno hayo. Hayo atayasikia.

Fanya hivi, na ufanye leo. Kwanza mpigie Royce, aje kwenu jioni kwa kisingizio chochote. Kisha weka filimbi mezani mbele ya baba na useme, "Ule wa kwanza nilikuwa mimi." Usianze kwa kulia wala kujieleza. Atakasirika, mwache akasirike. Akiuliza wa pili, mwambie kweli: hukuwa wewe, na uliogopa. Ramani usichore. Akipiga meza, usichore. Mwambie unamtaka arudi kuliko unavyomtaka babu.

Mkitaka kufunga msimu, nendeni wote watatu, bonde jingine, na hema lenye jiko. Kizibao hakivuliwi hata kwa kunywa kahawa. Njia ya kurudi ichorwe kabla ya ya kupanda, na nakala uniachie mimi hapa ofisini, pamoja na saa ambayo nikiona hamjarudi nianze kupiga simu.

Na huko msituni, ukimhitaji baba yako, mwite "Baba," kwa kinywa chako, kwa nguvu, elki wa jimbo zima wakimbie wakitaka. Ukisikia kitu kingine kinamwita, wewe ita zaidi.

Bi. Lorna