Jagi la Rasiberi la Mkesha wa Sankt Hans

Bibi Mwenyekiti, wazee mlioanzisha bustani hizi, majirani wenye vibanda, na wageni wenu: kama ilivyo ada ya mkutano huu, nasimama kujibu barua iliyotiwa katika sanduku la ushauri. Gerda Thorsager, wa kibanda cha karibu na lango, ameomba isomwe kwa jina lake.

"Mshauri wetu, nimechanganyikiwa, nisaidie. Kila mwaka mimi ndiye mtengenezaji wa kinywaji cha mkesha wa Sankt Hans, tunapouzunguka moto wetu wa kiangazi na kuimba, naponda rasiberi zangu za kwenye friji kwa sukari na limau, nachuja mbegu kwa kitambaa, natia vodka, barafu na majani ya mnanaa, na mwaka jana mwanangu Asger alikuwa ameacha pombe, sikutaka ateseke, basi vodka nikaiacha kabatini na sikumwambia mtu, nikidhani watagundua tucheke, lakini wapi, Villads jirani yangu alimaliza bilauri moja akapiga kelele, 'Gerda we, ya mwaka huu ina mateke!' akacheza na reki mpaka ikavunjika, na kesho yake akalalamika kichwa kinamgonga, sasa sielewi walileweshwa na nini, na kamati inataka nitengeneze tena na maelezo ya kukitengeneza niyabandike ukutani, nikisema kweli nitawaaibisha, nikitia vodka nitamkosea Asger, ambaye hata mwaka jana alikaa mbali na moto na glasi yake ya maji, Villads akimtania, 'Asger bwana, maji ni ya farasi!' akaondoka mapema, na mwaka huu anasema haji kabisa. Nifanyeje?"

Gerda, nakuhurumia, na nitakugombeza. Villads, keti, zamu yako inakuja.

Unauliza tulileweshwa na nini. Mimi niliimba beti zote za wimbo wa mkesha kwa sauti, asubuhi nikameza dawa ya kichwa. Katika hilo nimechanganyikiwa kama wewe. Lakini isome tena barua yako, mama. Jagi zima ulilitengeneza kwa ajili ya mtu mmoja, kisha ukamficha hata yeye! Sisi tulikunywa maji ya matunda tukajiona walevi, na mwenye jagi lake akakaa na maji, akitutazama kwa mbali. Haji kwa sababu anaamini mezani petu hakuna tone analoweza kunywa.

Ukitoka hapa nenda kwake moja kwa moja, umweleze mwenyewe kabla hajalisikia kwa mwingine. Kisha ponda rasiberi zako kama kawaida, na maelezo uyabandike kama yalivyokuwa mwaka jana, bila vodka.

Nanyi, waheshimiwa, uamuzi ninaouleta ni huu: jagi la mwaka huu halitiwi pombe. Vodka itakaa kwenye meza ya kando, anayeitaka ajimiminie. Bilauri ya kwanza mbele ya moto tutainywa sote kutoka jagi hilo, tukitazamana machoni, na ya Asger atapelekewa na Villads kwa mkono wake.

Wanaokubali, inueni mikono. Villads, na wewe.