Mjomba Aliyejibu Redio Iliyozimwa

Melbourne, Julai

Kwako Dada Nafula,

Hujambo, dada yangu? Watoto wanaamkaje? Mimi mwili ni mzima, ila baridi inanikung'uta. Huku Julai ni katikati ya kipupwe, nami navaa soksi mbili mbili kama mzee wa kulinda duka. Najua huko Kiminini mahindi ya watu sasa yanatoa mbelewele. Najua pia shamba lako ni nyasi tupu, mwaka wa pili huu, na hilo linaniuma kuliko baridi.

Barua hii anakuletea Naliaka, binti wa jirani yetu wa Bungoma, ninayefanya kazi naye wodi moja. Amepata likizo. Nimeandika kwa sababu kwa simu tumeshindwana: nikianza kueleza unasema, "Wanjala, unanihubiria," unakata. Halafu ukanitumia ule ujumbe wa sauti: "Si ni uyoga tu, bana? Mama ametulisha uyoga kila mvua ikianza, na nani alikufa? Kuna jamaa wa Kitale ameniletea pakiti, ati ni ile ile yenyu. Wewe niandikie tu venye mnafanyanga, nifuate. Siwezi kula kabla barua ifike." Umeahidi, na nakushukuru. Basi nakuandikia tunavyofanya, kisha nitakuambia kwa nini wewe huwezi kufuata.

Kosa ni langu. Siku ile nilipokupigia kutoka mafunzoni nilikuwa na furaha ya mtoto siku ya Krismasi, nikakwambia kuna dawa ya uyoga kwa watu wenye huzuni nzito, mtu anaimeza mara moja tu na kuamka na moyo mwingine. Ukasema, "Ya mara moja ndio nataka. Hizi za kliniki za kila siku zimenichosha." Tangu shemeji afariki sikuwa nimesikia sauti yako ikiinuka hivyo. Laiti ningeuma ulimi. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu hakungoja nizeeke.

Sasa nisikilize. Mafunzo yale yalikuwa ya kututambulisha tu kwa tiba hii, sisi manesi, madaktari na washauri nasaha. Hakuna aliyetuonjesha chochote, na hatukutoka pale tukiwa mabingwa. Tulichofundishwa kwanza ni kwamba dawa yenyewe ni sehemu ndogo ya kazi. Kabla ya kuimeza, mgonjwa anakutana na wahudumu wawili siku kadhaa, anawaeleza maisha yake, wanakubaliana hata kama atashikwa mkono akilia. Siku yenyewe analala kwenye kochi, macho yamefunikwa kitambaa, muziki wa polepole unapigwa, na wale wawili wanakaa naye kuanzia asubuhi hadi jioni. Hawamhubirii, hawamshauri, hawamwambii "nyamaza, usilie" kama sisi tunavyoambiana. Wanakaa tu. Wengine huona marehemu wao, wengine huogopa mpaka wanapiga mayowe. Baadaye kuna siku nyingine za kuyazungumza yaliyotokea. Wako waliopata nafuu kubwa, wako ambao hawakupata, na walimu wenyewe walikiri kwamba bado wanajifunza. Na huko kwetu sheria haijairuhusu.

Lakini kabla ya yote hayo kuna maswali. Siku moja baada ya kukupigia, tulifanya mazoezi wawili wawili, mmoja akijifanya mgonjwa. Mgonjwa nilikuwa mimi, na aliyenihoji ni Helen, daktari mmoja mwenye mvi. Akaniuliza kama kuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kusikia sauti za watu wasiokuwapo. Nikajibu, hakuna. Sikudanganya, dada, ndivyo nilivyojua.

Mchana, tukiwa mezani, kila mtu akawa anasimulia vituko vya kwao. Nami nikatoa kile chetu cha siku zote, cha Mjomba Simiyu na redio. Unakijua: redio imezimwa, betri zimeanikwa juani, naye anaijibu, "La, bwana, hiyo si ukweli! Mimi sijaiba ng'ombe ya mtu!" Nilimwigiza vizuri sana, kama Mama anavyomwigiza mpaka tunashika mbavu. Hakuna aliyecheka. Helen aliweka uma chini, akauliza polepole, "Na asubuhi uliniambia hakuna?"

Mimi, nesi wa wagonjwa wa akili, niliyeanzia kazi Kitale! Mtu wa namna ile angeletwa wodini, ningemtambua kabla hajaketi. Lakini alikuwa mjomba wetu, kwa hiyo tulisema amekwenda Cheptais kuchunga ng'ombe, na alipofia huko sisi tukabaki na kichekesho. Mganga hajigangi. Kisha nikakumbuka la kwako. Ulipomzaa Kevo ulituambia unasikia kwaya inaimba ghalani, mchana kweupe, ikikuita kwa jina. Mama akaita watu wa maombi, ikapita, na hilo nalo tukaligeuza utani: "Nafula na kwaya yake."

Hiyo ndiyo sababu. Mtu mwenye kwaya hiyo, na mjomba huyo, huku hapewi dawa hii hata akilia. Inaweza kuirudisha kwaya, na safari hii isinyamaze. Tena pakiti ya huyo jamaa ni mbaya zaidi, maana uyoga wa Mama tunajua aliuchuma kichuguu gani. Huo wa pakiti hakuna anayejua umetoka wapi. Inaniuma kukunyima tumaini nililokupa kwa mdomo wangu mwenyewe, na sina la ukubwa ule la kuweka mahali pake. Nina hili dogo: rudi kliniki Kitale, Naliaka atakusindikiza. Waambie dawa za kila siku zimekuchosha, wakutafutie nyingine, usiziache ghafla. Na waambie habari za ghalani na za redio. Usiziseme ukicheka.

Nisalimie Mama huko Bungoma. Mwambie asimwigize tena Mjomba mbele ya watoto. Sababu nitamweleza mwenyewe, nikipata ujasiri. Msalimie Kevo na mdogo wake, na shangazi wa kule Kwanza anayekuletea maziwa bila kuombwa.

Limebaki la Naliaka. Unaposoma hapa yuko sebuleni kwako, na bila shaka umemwekea chai naye hajaigusa. Usimwone ana maringo. Nimemkataza kunywa hata tone mpaka pakiti hiyo iwe mkononi mwake. Mimi ndiye niliyepaswa kuketi hapo nawe, asubuhi hadi jioni, bila kukuambia unyamaze. Niko mbali, nimemtuma yeye. Mpe pakiti, dada, chai isipoe.

Ni mimi ndugu yako mdogo,
Wanjala