Tufungue Injini ya Mchukuzi au Tumuuze?

Nyumbani,
Chumba cha mbele, kwenye dirisha la barabarani.
Jumapili, tarehe tisa.

Mpendwa Kaka,

Salamu zikufikie hapo ulipo, wewe na wifi yangu na watoto. Hamjambo? Kile kikohozi cha wifi kimemwacha? Mwambie apunguze maji ya barafu, asije akakisingizia kipupwe. Na huyo binti yako mdogo, meno yameota au bado anacheka kwa ufizi?

Sisi huku hatujambo, tunashukuru. Magoti ya mama yanamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Baba naye yupo, na habari zake ndizo nyingi zaidi katika barua hii, kwa hiyo kaa vizuri.

Uliuliza tumeamua nini kuhusu lori letu, Mchukuzi. Sijasahau ulivyoniambia, "Uzeni hilo kopo." Mwanzoni nami nilikuwa upande wako, ila baba hakutaka kusikia. Wewe unalikumbuka likiwa la bluu, siku hizi hata rangi yake tunaibishania. Lakini ndilo linalobeba viti na maturubai ya kukodisha, arusini na misibani, na tangu baba aniachie biashara nimejua jambo moja: bila gari hatuna biashara, tuna stoo tu iliyojaa plastiki.

Ule mlio wa injini ulianza kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi. Ko, ko, ko. Baada ya muda mgeni akakosa subira, akawa anagonga kama anataka kuvunja mlango. Nilimwambia baba, maana usukani ni wake, hauachii mtu. Akanijibu, "Mimi sisikii kitu. Wewe redio imekuharibu, kila kitu kwako kina ngoma."

Nikampeleka Mchukuzi mwenyewe kwa fundi, baba akiwa amelala mchana. Unamkumbuka Fundi Pole? Bado anampa pole mwenye gari kwanza, kisha gari lenyewe. Alisikiliza, akazima, akanipa pole mbili. Akasema injini ishushwe, ifunguliwe yote, na gharama aliyonitajia ilinifanya nitafute pa kuegemea. Haikuwa mbali na bei ya lori jingine kuukuu.

Basi, Kaka, unanijua. Jambo likiniingia kichwani silali nalo, nalizunguka. Nikaanza kuuliza watu. Muuza vipuri akasema fungueni injini, vipuri anavyo. Dalali wa magari akasema nunueni gari, gari analo. Mnunuzi wa vyuma chakavu hakusema neno, alimzunguka Mchukuzi akimpapasa mbavu kama ng'ombe wa mnadani. Nikaona kila mtu anavutia kamba upande wake, na mimi ndiye kamba.

Nilitandika boksi chini, nikaingia mvunguni mwa gari kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Fundi alinipa nyundo ndogo, akaniambia nigonge fremu na kusikiliza: chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu hukoroma kama mtu mwenye mafua. Niligonga toka mbele hadi nyuma. Kililia chote. Nilitoka huko nimejaa grisi mpaka nyusi, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza kama kweli hili ni kopo.

Ilibidi baba aambiwe. Alikuja gereji amevaa shati la kutokea, uso kama anayekwenda kortini. "Liwashe," akamwambia fundi. "Leo tuone huo ugonjwa wenu."

Fundi akawasha. Kaka, hata mwenye kibanda cha mkabala aliacha kuosha vikombe akageuka kutazama. Ko! Ko! Ko! Baba akainamia boneti, mikono nyuma, akatega sikio. Kisha akainuka na kutuangalia mmoja mmoja.

"Haya," akasema. "Uko wapi huo mlio?"

Mimi nilidhani anafanya ubishi wake, mpaka nikamtazama machoni, nikaona anauliza kweli.

Fundi Pole hakucheka. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye injini, na mpini akauweka kwenye mfupa nyuma ya sikio la baba. Baba alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Akaishika ile bisibisi kwa mkono wake mwenyewe, akaihamisha hapa, akaihamisha pale, akarudi palepale penye mlio. Hatukumharakisha. Mwisho akaomba gari lizimwe.

"Limeanza lini kugonga hivi?" akaniuliza.

"Tangu kabla ya mvua, baba."

"Na mimi nilikuwa naliendesha tu."

Fundi, kwa kuwa ni mkweli kuliko anavyofaa, akamwambia kwamba mlio ulipoanza ilikuwa kazi ndogo, kubadilisha beringi tu, lakini sasa krenki yenyewe, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, imechubuka. Nilitamani nimfinye. Baba akapanda gari upande wa abiria, nikaliendesha taratibu mpaka nyumbani.

Jioni ile akaniita. "Uza," akasema. "Kaka yako alisema kweli. Na aliyeliua ni mimi."

Sasa ona mambo ya dunia. Mimi niliyetaka tuuze nikawa sitaki tena, na yeye aliyekuwa hataki kusikia habari za kuuza ndiye anayenisukuma. Nilijua hiyo si hesabu ya gari, ni aibu inazungumza. Nikamwambia tusiuze wala tusitengeneze mpaka nimejua mambo mawili: ile krenki ina hali gani, na masikio yake yana hali gani.

Maana hilo la pili lilinikosesha raha. Kama kasikia kwa mfupa, kwa nini hasikii kwa sikio? Alikataa hospitali, akasema uzee hautibiwi. Mama ndiye aliyemaliza ubishi. Alisema, "Mimi miaka yote hii nilijua unajifanya husikii, kama waume wote. Kama ni ugonjwa, twende ukatibiwe. Kama si ugonjwa, tutarudi tuzungumze vizuri." Baba akatafuta viatu.

Daktari wa masikio, binti mdogo tu, aligonga kijichuma chenye meno mawili kikavuma, akakiweka nyuma ya sikio la baba, palepale alipowekewa bisibisi. Baba akanitazama akatabasamu, mara ya kwanza wiki ile. Sikio la kulia, akasema daktari, ngoma yake ilitoboka zamani na haiwezi kufanya kazi yote tena. La kushoto lilikuwa limezibwa na nta iliyoganda kama lami. Alilainisha, akatuambia turudi, tuliporudi akasafisha. Baba akainua macho darini, akauliza, "Hiyo feni yenu inalia hivyo siku zote?"

Hakupona kabisa, nisikudanganye. Akiitwa upande wa kulia bado anageukia pengine. Lakini anasikia mvua ikianza, na ameanza kumnong'oneza mama kwamba anaongea kwa sauti kubwa.

Nirudi kwa Mchukuzi. Injini ilishushwa na kufunguliwa mbele yangu. Zile beringi nilizishika kiganjani, zimelika kama sabuni ya mwisho mwisho. Krenki ikapelekwa wanakokwangua vyuma kwa mashine, na fundi akaniambia wazi: wakiikuta na ufa, tupige moyo konde tuuze. Nilishinda nazunguka stoo nahesabu viti ambavyo idadi yake naijua.

Jibu likaja: haina ufa, ila imeshawahi kukwanguliwa, na kukwanguliwa huku ndiko kwa mwisho. "Ikigonga tena," Fundi Pole akasema, "msimlete kwangu. Mpelekeni kwa mwenye mizani ya chuma."

Nilimuuliza angekuwa yeye angefanya nini. Akafuta mikono kwa kitambaa. "Mkinunua jingine la bei hiyo, nalo ni zee. Hili mnajua limeumwa nini. Hilo jingine nani atawaambia?" Zimwi likujualo, Kaka. Fremu nimeigonga mwenyewe, gia boksi haina kelele, na injini nimeiona matumbo yake. Nikasema tengeneza.

Najua utaguna ukisoma hapa. Pengine una haki, na mwakani utanicheka. Lakini sikuamua kwa huruma, niliamua baada ya kuangalia, na hilo limenipa usingizi.

Siku ya kulichukua, fundi aliwasha, na injini ikanguruma kama paka aliyeshiba. Baba alisogeza sikio la kushoto, akasikiliza, akaomba ile bisibisi na kusikiliza tena. Hakuona la kukosoa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha akazunguka gari kwa mbele. Nilidhani anaelekea usukani, nikampisha. Akanipita, akafungua mlango wa abiria, akapanda na kufunga mkanda. "Twende," akasema, "viti vya watu vinasubiri." Tangu siku ile hajauliza ufunguo, nami sijamwambia lolote.

Kaka, limebaki moja, na kwa kweli ndilo lililonikalisha hapa badala ya kusubiri simu.

Najua kinachokuuma. Tangu uondoke, kila ukipiga na kutaka kuongea na baba, anakujibu "nzuri, nzuri, wasalimie," halafu simu anampa mama. Wifi aliniambia kwamba wewe unaona baba hajakusamehe kwa kwenda mbali, na ndiyo maana siku hizi humuulizii tena. Juzi nilimuuliza baba kwa nini alikuwa anakukatiza. Alinijibu kwa haya. Simu alikuwa anaiweka sikio la kulia, kwa mazoea tu, na alikuwa haambulii neno. Alijibu salamu kwa kukisia. Alidhani wewe ndiye huna la kumwambia.

Piga, Kaka. Mama nimeshamfundisha amwekee simu upande wa kushoto. Usimwambie baba nimekuandikia haya. Muulize habari za gari tu, mengine yatakuja yenyewe.

Nisalimie wifi na watoto wote, mwambie mkubwa shangazi yake anataka picha ya shule. Mama anawasalimu sana na anauliza kama mnakula. Fundi Pole anakupa pole, hakusema ya nini. Mungu awafunike, awape afya, na siku moja awalete mlangoni kwetu mkiwa wazima.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
wa grisi mpaka kwenye nyusi.